Sungura wa Mama Cheta na Kiti cha Lizaboni

Majengo, Songea
Jumamosi, asubuhi

Skolastika mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta kamba ya kufungia sanduku. Nimebaki peke yangu katika nyumba ambayo kesho alfajiri itapungua mtu. Nimeketi kwenye meza ileile niliyozoea kusahihishia madaftari, na kalamu niliyoshika ni ya bluu. Ile nyekundu nimeifungia kabatini, kwa sababu leo anayesahihishwa si wewe.

Sitaandika habari za pasipoti, wala za sweta, wala za mahali pa kushonea fedha ndani ya gauni. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na mara ya nne atayasema stendi mbele ya abiria wote. Mimi nitaandika habari za chakula. Najua utashangaa. Mtu aliyesema mwaka mzima kwamba upishi si elimu, leo anakuaga na hana la kukuambia ila habari za vyungu.

Barua hii nitaitia ndani ya mfuko wako wa mkononi, chini ya kitambaa. Utakapoisoma, basi litakuwa limekwisha kupita Njombe, nawe utakuwa umejua kama leo mchana nilithubutu au nilishindwa. Nimekusudia kukuomba radhi mahali palepale nilipokukosea. Mahali penyewe unapajua. Mimi nilidhani umepasahau, na kwa miaka kumi na mmoja nilipenda kudhani hivyo.

Lakini nianze na kusifu, kwa sababu kusifu ni kazi ambayo sikuifanya vya kutosha katika maisha yangu.

Unakumbuka siku Mama Cheta alipotuambia anatoka Malta? Nilikwenda shuleni nikaitafuta kwenye ramani kubwa ya ukutani. Niliona doa dogo katikati ya bahari, nikalifuta kwa kidole nikidhani ni uchafu wa inzi. Halikufutika. Ndipo nilipojua kwamba ni nchi. Kesho unakwenda kukaa ndani ya doa lile, jikoni kwa dada yake Mama Cheta, mwenye mgahawa kijijini kwao. Mchana utafanya kazi, jioni utasoma chuo cha upishi. Mungu ana njia zake za kumrudi mwalimu aliyefuta nchi ya watu kwa kidole.

Mama Cheta alikuja Songea mwaka ule maduka ya Majengo yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni kwa ajili ya sabuni, tuliamka tukakuta unga wa ngano, mafuta ya kupikia katika makopo, nyanya za kopo na tambi za kila urefu. Watu walivinunua bila kujua vinapikwaje. Parokia ilimleta yeye, mwanamke mjane wa makamo, kuwafundisha wasichana kupika na kushona. Jina lake kamili wanawake wa Majengo walilijaribu wiki mbili, wakalikata, wakabaki na Cheta.

Nawe ulikuwa umemaliza darasa la saba na hukuchaguliwa kwenda sekondari. Mtoto wa mwalimu. Nilikupeleka kwake kama mtu anayepeleka kiti kibovu kwa fundi, ili kisikae nyumbani kikaonekana. Naliandika hilo lilivyo. Ulikuwa ukirudi jioni unanuka kitunguu saumu, na mimi nilifungua dirisha.

Kisha akatualika Jumapili moja baada ya misa. Nilivaa koti. Nilijua utaratibu wa kualikwa: mimi nitawekwa sebuleni na mwenyeji, nitanawishwa mikono, nitaletewa chakula, mama yako na wewe mtakula jikoni na wanawake wenzenu, mtakapokuwa mmemaliza kupakua. Ndivyo nilivyokula kwa baba yangu na ndivyo mlivyokula kwangu. Tukaingia. Palikuwa na meza moja na sahani nne.

Mama yako alisimama akiishika kanga yake, anatafuta mlango wa jikoni kwa macho.

"Mama Skola, kaa," Mama Cheta akamwambia. "Jikoni hapana mtu. Jikoni moto tu."

"Nitamsaidia nani kupakua?"

"Mimi nishapakua. Wewe kaa hapa, karibu ya bwana yako. Yeye hapana uma."

Alikusudia kusema siumi. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjika kila kiungo, na kwa kawaida ningekishughulikia. Lakini mama yako alikwisha kucheka, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akicheka mbele ya mwenyeji.

Kwanza ilikuja mikate. Aliioka mwenyewe, gamba lake gumu hata likalia kisu kilipopita, na ndani laini, yenye ukakasi kidogo kama togwa la siku ya pili. Akakata nyanya mbivu, akaisugua juu ya kipande cha mkate mpaka mkate ukawa mwekundu, akamimina mafuta na kunyunyiza chumvi. Kwao hutumia mafuta ya zeituni. Hapa alitumia ya alizeti, akatazama juu na kusema, "Mama yangu mbinguni, samehe." Nikala. Nilikuwa nimekula mkate miaka hamsini na nyanya miaka hamsini, na sikuwahi kufikiri kwamba viwili hivyo vinaweza kufunga ndoa bila gharama.

Kisha tambi. Nilidhani ndicho chakula chenyewe, nikashangaa kwamba zimepakwa mchuzi tu bila nyama. Kumbe mchuzi ule ulikuwa wa sungura, na sungura mwenyewe alikuwa bado anangoja zamu yake. Ndivyo wanavyofanya: mchuzi unatangulia juu ya tambi, nyama inafuata na viazi, na mnyama mmoja mdogo analisha meza nzima mara mbili. Mimi nilikuwa nahangaika na uma. Tambi zilikuwa zinateleza zinarudi sahanini.

"Mwalimu, zinakukimbia," mama yako akasema. "Zipige."

Ukainamisha kichwa usionekane unacheka. Nilikuona.

Sungura yule alikuwa amelala usiku kucha ndani ya divai ya Dodoma pamoja na kitunguu saumu na majani makavu yenye harufu ambayo Mama Cheta alitumiwa kwa posta kutoka kwao. Siku moja divai ilipokosekana alijaribu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, na wewe ndiwe uliyeniambia kwamba haukuwa mbaya, ila sungura alikuwa mchangamfu mno. Baada ya hapo alikaangwa, akatiwa vitunguu na nyanya, akaachwa juu ya mkaa mdogo kwa saa tatu. Nilimwuliza kwa nini saa tatu. Akanijibu, "Sungura ngumu, Mwalimu. Kama wewe. Moto kubwa, anakuwa jiwe. Moto ndogo, anakubali mwenyewe."

Nimeifikiria sentensi ile, yenye makosa matatu, kuliko sentensi nyingi sahihi nilizowahi kuziandika ubaoni.

Tulipokuwa tukila nilitambua pia kwamba hakuna aliyeanza kabla ya mpishi kuketi. Chakula kilikuwa mezani, moshi unafuka, na sisi tumekaa mikono mapajani tukimngoja avue aproni. Nyumbani kwetu mpishi alikuwa anakula mwisho, kilichobaki, penye moshi. Sikuwahi kuona kwamba jambo hilo lina ubaya wowote, kama vile mtu asivyoona pua yake.

Baada ya chakula akatuletea picha. Ilikuwa imepigwa nje ya mgahawa wa dada yake, huko unakokwenda. Kwao, siku ya mapumziko, watu hutoka jamaa nzima na marafiki zao kwenda kijijini kula sungura. Meza ilikuwa ndefu, imeunganishwa kwa meza nyingi, na watu wapata thelathini: mzee mwenye kitambaa shingoni, mama mwenye mtoto anayenyonya, wasichana, wavulana, padre mmoja mnene, mbwa chini. Nikaitazama kwa makini kama nilivyozoea kutazama picha za mitihani.

"Meza ya wanaume iko wapi?" nikauliza.

Mama Cheta hakuelewa. Nikarudia.

"Hii hii," akasema. "Iko moja tu, Mwalimu. Kwani huku, baba anakwenda kula nje na nani?"

Nilinyanyua kikombe cha kahawa kilichokuwa kitupu nikakinywa. Na katika kukinywa nilikuona wewe mezani, hukuwa unanitazama. Ulikuwa unatazama sahani yako. Hapo ndipo niliposhuku kwa mara ya kwanza kwamba hukusahau.

Basi niandike.

Ulikuwa na miaka tisa. Kila Jumamosi mimi na walimu wenzangu watatu tulikuwa tunakwenda mtaa wa Lizaboni, kwenye kibanda cha nyama ya nguruwe nyuma ya maduka. Ile nyama ina majina mengi ya mitaani ambayo siyaandiki hapa. Tulikula kilo zetu na ndizi za kuchoma, tukashushia pombe ya ugimbi, tukazungumza siasa. Nilikuwa nakuambieni kwamba nina kikao. Nikirudi, nilikuwa nafuta mdomo kwa majani njiani, na mama yako akiniandalia ugali na majani ya maboga, nilikuwa nasema, "Leo sina njaa, kuleni nyinyi." Mlidhani ninajinyima kwa ajili yenu. Hata mimi, Mungu anisamehe, kuna siku nilidhani hivyo.

Jumamosi ile wageni walikuja kutoka Mbinga, kaka zake mama yako. Mama akakutuma unitafute. Sijui nani alikuonyesha njia. Niliinua macho nikakuona umesimama kwenye pembe ya kibanda, miguu ina vumbi mpaka magotini, unaitazama sinia.

"Shikamoo, Baba," ukasema. "Shikamooni." Ukawasalimu wote, kwa adabu, kama nilivyokufundisha.

Walimu wakaitika. Mmoja akasema, "Mwalimu, binti huyo, mpe kiti." Kiti kilikuwapo. Kiti cha tano, upande wangu, kilikuwa tupu, nilikuwa nimetundika koti juu yake.

Nawe ukasema, "Mama kanituma nikuite, wajomba wamekuja."

Nami, mwanangu, mdomo wangu ukiwa bado na mafuta, nikakuambia, "Sema, 'Mama amenituma.' Rudia."

Ukarudia. Ukairudia vizuri. Nikasema, "Haya, nenda nyumbani, ninakuja." Ukaondoka. Koti langu likabaki limeketi.

Hilo ndilo kosa. Ni dogo mno kulipeleka kwa padre. Nililipeleka mara moja, akaniuliza kama nina dhambi nyingine. Lakini tangu siku ile ya picha nimekuwa nikiliona kila ninapoketi kula. Nilikuwa na nyama, nilikuwa na kiti, nilikuwa na mtoto. Nikatoa sarufi.

Hukumwambia mama yako ulichokiona. Ndivyo nilivyoamini. Nilikuchukulia kwamba una siri, na kwa sababu una siri yangu nikawa mkali kwako zaidi. Mtu akimkosea mtoto na mtoto akanyamaza, mtu huyo humchukia kidogo yule mtoto kwa kunyamaza kwake. Kama kuna jambo moja la kulichukua katika barua hii, chukua hilo, maana halimo katika vitabu nilivyofundishia.

Miaka iliyofuata ile Jumapili ya picha nilikuwa nakwenda kwa Mama Cheta mara nyingi kuliko nilivyokubali. Nilikuwa nasema nimepita tu. Nilipita Ijumaa za Kwaresima, siku alipongoja samaki kutoka Mbamba Bay apike ile supu yao ya kitunguu saumu, nyanya na limau, na wali kidogo ndani yake. Vichwa vya samaki alivichemsha kwanza akavichuja. Hakikutupwa kitu ila mifupa, na mifupa alipewa paka. Nilipita siku alipokamua mbuzi kutengeneza jibini. Majengo nzima ilikwenda kutazama. Jirani yetu akamwuliza, "Sasa huyu mwanambuzi atakunywa nini, chai?" Yeye akaendelea kukamua. Jibini lile akaliweka kwenye vikapu vidogo ulivyosuka wewe, kila kimoja kinatosha kiganjani. Siku moja alikuwa akihesabu mayai kwa lugha yake, nikasikia sita, saba na tisa zetu, zilizotoka kwa Waarabu, zikipita, zimevaa nguo nyingine kidogo. Nikamsimamisha ahesabu tena. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyekutana na binamu ugenini.

Na supu ya mjane. Viazi, karoti, njegere, kabichi, chochote bustani ilichotoa. Kisha yai linapasuliwa juu likaiva ndani ya mchuzi, na kijibini kimoja kinatiwa mwishoni. Nyama haimo. Alituambia kwamba mjane hakuwa na wa kumletea nyama, basi kila jirani alimletea mboga moja, naye akazipika pamoja.

"Huku kwetu," mama yako akasema, "kila jirani anamletea mjane neno moja."

Nililoliona kwa watu wale ni kwamba walikuwa maskini kwa muda mrefu, juu ya jiwe, katikati ya maji ya chumvi, hata mto hawana, na umaskini wao wakaupika vizuri. Hawakuuonea haya. Mkate wa jana una kazi yake, gamba lina kazi yake, mchuzi uliobaki sahanini unafutwa kwa mkate mpaka sahani ing'ae. Sisi nasi tuna dagaa wa Nyasa, tuna majani ya maboga kwa karanga, tuna uyoga wa mvua za kwanza, na mama yako anavipika kiasi kwamba hata Mama Cheta alimwomba amfundishe. Mimi nilihitaji mwanamke wa kutoka kwenye doa la ramani aniambie kwamba mke wangu ni mpishi hodari. Alisema, "Mama Skola, mkono wako mzuri." Nilitazama mikono ya mama yako kama vile imewasili siku hiyo.

Ndipo ikaja ile karatasi. Nafasi kwa dada yake Mama Cheta, na chuo, na saini ya mzazi inahitajika. Nikaiweka kwenye mtoto wa meza, chini ya madaftari, ikakaa mwaka. Nilikuambia kwamba sikukulea uwe mpishi wa Wazungu. Nilikuambia nangojea nafasi ya chuo cha ualimu, ingawa nilijua haipo. Ulinijibu, "Sawa, Baba," ukaenda kupika. Uliyapika maharage ya jioni ile kwa moto mdogo, nayo yalikuwa matamu, na sikusema.

Nilivyobadilika hukuambiwa. Mama yako alinikuta nikitafuta daftari, akaiona karatasi.

"Mwalimu," akasema, "unaona aibu mtoto kuwa mpishi?"

"Nataka awe na kazi ya heshima."

"Kwani miaka ishirini hii umelishwa na karani?"

Akatoka. Nilitia saini siku hiyohiyo. Nilifika nayo kwa Mama Cheta nikihema, akaipokea, akanipa kiti na kipande cha mkate, wala hakuniuliza mwaka ule ulikwenda wapi. Ulikuwa mwaka wako. Siwezi kukurudishia.

Sasa sikiliza niliyoyafanya leo. Kabla hamjaamka nilikwenda Lizaboni. Kibanda bado kipo, kimeezekwa bati jipya, na sasa wanakiita mgahawa. Nimemwambia mwenye kibanda aniwekee meza ya watu wanne saa saba mchana: wewe, mama yako, Mama Cheta na mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, na wanawake?" Nikasema na wanawake. Mama yako nimemwambia avae kitenge kipya. Akaniuliza kama kuna msiba.

Nakiri kwamba ninaogopa. Nimesimama mbele ya wakaguzi wa shule bila kutetemeka, lakini sijawahi kumwambia mtoto wangu "nisamehe". Huenda nikafika pale nikaagiza nyama, nikaeleza historia ya ufugaji wa nguruwe, tukarudi. Nasikia mlango. Mmerudi na kamba. Naacha hapa.

*

Jumamosi, alasiri

Unafunga sanduku na mama yako. Nakusikieni mkibishana juu ya jozi ya viatu. Uliyaona yote ya mchana kwa macho yako, lakini nayaandika, kwa sababu nataka ujue yalivyoonekana kutoka upande wangu wa meza.

Ulipoiona njia tunayoishika ulipunguza hatua. Mama Cheta alikuwa anaongea peke yake, na mkate wake umefungwa kwenye kitambaa kwapani, maana alisema haendi mahali bila mkate. Tukafika. Nikavua koti, mkono wangu wenyewe ukataka kulitundika kwenye kiti. Nikalishika. Nikakivuta kiti kile nikasema, "Skola, kaa."

Ulikaa. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikasema, "Kiti hiki nilipaswa kukupa ulipokuwa na miaka tisa. Nilikukosea. Nisamehe."

Mama yako akatazama pembeni. Mama Cheta, ambaye sijui alielewa kiasi gani, akaanza kukata mkate. Nawe ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si hiki, Baba. Kile kilikuwa na mguu mbovu."

Nyama ikaja, na ndizi, na kachumbari. Mama yako akachukua kipande cha kwanza, akakitafuna taratibu. Nikamngoja. Nilijua anaonja kwa mara ya kwanza kitu nilichomnyima miaka yote.

"Ladha ni ileile," akasema. "Ila leo ina moto."

"Ileile ipi?"

Akakutazama wewe. Mkaanza kucheka, wote wawili, mpaka wewe ukajifunika uso. Ndipo mliponiambia. Kwamba siku ile, ulipotoka kwenye pembe ya kibanda, mpishi alikuita kwenye mlango wa nyuma, akakufungia kipande cha nyama kwenye karatasi. Kwamba hukukila njiani. Ulikibeba kutoka Lizaboni mpaka Majengo, ukampa mama yako, naye akakigawa pande mbili, mkala mmesimama jikoni wajomba wakiwa sebuleni. Kilikuwa kimepoa.

"Basi ulijua," nikamwambia mama yako. "Miaka yote hii."

"Mwalimu, ulikuwa unarudi na majani mdomoni kama mbuzi."

Miaka kumi na mmoja nimefuta mdomo njiani bure.

Tulipokwisha kufuta sahani kwa mkate wa Mama Cheta, ukainuka kwenda jikoni, kama alivyokufundisha, kumshukuru mpishi. Ukarudi umemshika mkono mwanamke mzee, kichwa kimefungwa kitambaa, mikono bado ina majivu. Nimekula chakula cha mwanamke yule tangu kabla hujaanza shule. Uso wake nimeuona leo. Anaitwa Mama Otilia, naye ndiye aliyekufungia kile kipande. Alisimama pembeni ya meza palepale uliposimama wewe, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa amenizidi umri.

Mwanangu, maisha yangu yote nimefundisha kwamba salamu hutangulia kila kitu. Lakini nilijikuta nimesimama bila kuitika, nimekwenda meza ya pili, nimebeba kiti. Nikakiweka kati yako na mama yako. Alipokwisha kuketi na Mama Cheta alipokwisha kumpa mkate, ndipo nilipomwamkia mimi, naye akaitikia marahaba.

Huko unakokwenda kuna meza ndefu, nimeiona kwenye picha. Utakuwa upande wa jikoni, na Jumapili watu watakuja jamaa nzima. Siku moja mtu atasimama kwenye pembe, mgeni, mwenye vumbi miguuni, anaitazama sahani yako. Atakuwa na lugha mbovu. Sogeza kiti kwanza, salamu zitafuata.

Nakutakia safari njema. Mama yako ananiita nije kukaza kamba.

Baba yako